Nani Alisema Mgonjwa wa Pumzi Apumzike?

Wasomaji wangu, nimeadimika kidogo, mtaniwia radhi. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa Tabata kwa shangazi nikihesabu hatua za bibi yangu. Ndiyo, hatua. Kuhesabu huko ndiko kulikonifikisha kwenye makala hii ya leo, ambayo ni ndefu kuliko kawaida yangu. Chukua kikombe cha chai ukae. Au afadhali usikae, utaniona nina maana gani huko mbele.

Kwanza nimtambulishe mwenyewe. Bibi yangu anakaribia miaka 80. Kwa zaidi ya miaka 40 alipikia kuni kijijini Muheza, katika jiko la makuti lisilo na dirisha, mafiga matatu na moshi usio na pa kutokea. Miaka ya 80 aliugua kifua kikuu, akameza dawa zote mpaka mwisho, akapona. Lakini kifua hakikurudi kilivyokuwa. Miaka ilivyosogea akaanza kuhema akipanda kilima, kisha akawa anahema hata kwenye tambarare, mwisho kusuka ukili tu kunamkatisha pumzi. Tukamleta mjini. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na maneno haya: "Bibi apumzike, asijichoshe."

Nasi tukampumzisha hasa! Kwetu heshima ya mzee ni kumkalisha. Akishika ufagio, mtu anamnyang'anya. Akitaka maji, mtoto anatumwa. Mimi nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia kiti kizuri chenye mito na mahali pa kuegemeza mikono, tukakiweka barazani. Nilijiona mjukuu wa maana sana. Bibi alinishukuru kwa utani wake wa kila siku: "Mume wangu wewe ndiye unayenijali, babu yako hakuwahi kuninunulia hata kigoda."

Miaka mitatu baadaye, kutoka kwenye kiti kile mpaka chooni, hatua 18, bibi alikuwa anasimama mara mbili kuvuta pumzi. Usiku alianza kutumia ndoo. Hakumwambia mtu. Shangazi aligundua mwenyewe.

Mwaka jana ndipo tulipokutana na mtaalamu wa fiziotherapia, dada wa rika langu tu. Alishangaza watu, kwani baada ya kusikiliza kifua alipandisha gauni la bibi mpaka magotini akawa anazibonyeza ndama za miguu. Zilikuwa zimebaki ngozi. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa upole: "Nani aliwaambia akae?"

Jamani, mwandishi wa habari akiulizwa "nani alisema" akakosa jibu, usingizi hauji. Nikaanza kusoma na kuuliza wanaojua. Nilichokikuta ni historia ya zaidi ya miaka 150, na ndani yake kuna ubishi mmoja tu unaojirudia: mgonjwa wa mapafu atulie, au atembee? Na akitembea, lazima aje kwetu hospitali, au anaweza kutembea kwao?

Kabla hatujaondoka, tazama lugha yetu yenyewe. Pumzi, pumua, pumu, pumzika, yote ukoo mmoja. Kwa Mswahili kupumzika ni kuipata pumzi yako tena. Hivyo ukimwambia Mswahili kwamba mgonjwa wa pumzi asipumzike, anakuona umechanganyikiwa. Ila kosa hili si la Waswahili peke yao. Wazungu walilikosea kwa kiwango kikubwa zaidi, tena wakalijengea majumba.

Vitanda vya milimani

Turudi miaka ya 1850, Görbersdorf, kijiji cha milimani kilichokuwa Prussia na leo kiko Poland. Daktari Hermann Brehmer alifungua hapo kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati huo hakuna dawa. Hata mdudu mwenyewe hajulikani, maana Robert Koch alimtangaza mwaka 1882. Brehmer aliamini hewa safi, chakula kingi na, shika hili, kutembea. Wagonjwa wake walipandishwa vilima taratibu, kila siku kidogo zaidi.

Miongoni mwa waliotibiwa kwake alikuwepo Peter Dettweiler, naye daktari, ambaye baadaye alimsaidia kazi. Mwanafunzi akampinga mwalimu. Mwaka 1876 Dettweiler akaanza kuongoza kituo chake huko Falkenstein, Ujerumani, akawalaza wagonjwa kwenye vibaraza kwa saa nyingi, wamefunikwa mablanketi, wakitazama miti. Na huyu mwanafunzi ndiye aliyeshinda. Ile picha ya sanatoria tunayoiona kwenye sinema za zamani, watu wamelala safu kwa safu kwenye veranda, ni picha yake.

Wapinzani walikuwepo. Marcus Paterson, daktari wa sanatoria ya Frimley nchini Uingereza kuanzia mwaka 1905, alifanya jambo la ajabu kwa wakati wake. Wagonjwa wake walianza kwa kutembea, wakapanda daraja wakabeba vikapu vya udongo, wakaja koleo ndogo, wakaja koleo kubwa, mwisho sururu. Huko Marekani, katika mji wa Denver, daktari Charles Denison, ambaye mwenyewe alihamia huko kwa ajili ya mapafu yake, alichapisha mwaka 1895 kitabu kizima kuhusu mazoezi na chakula kwa wagonjwa wa mapafu. Lakini hawa walikuwa wachache. Dunia ililala kitandani.

Sanatoria zilifika mpaka kwetu. Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianza miaka ya 1920 kama sanatoria ya kifua kikuu, na hadi leo ni hospitali ya magonjwa ambukizi. Hewa ya mlima, kitanda, subira. Wazee wetu waliotoka huko walirudi vijijini na somo moja: ukiugua kifua, lala.

Madras: kitanda kinashindwa kesi

Dawa ya kwanza ya kifua kikuu, streptomycin, ilipatikana miaka ya 1940, zikafuata nyingine. Lakini hata dawa zilipokuwepo, madaktari waliendelea kuwalaza watu. Nani angethubutu kumwacha mgonjwa wa kifua kikuu kwake, kwenye chumba kimoja na watoto, akila wali na mchuzi mwepesi?

Mwaka 1956 katika mji wa Madras, India, ambao leo unaitwa Chennai, watafiti wakiongozwa na Wallace Fox waliamua kulijibu swali hilo kwa kipimo badala ya maneno. Wagonjwa maskini wapatao 200 waligawanywa kwa kura. Nusu walilazwa sanatoria, wakapata kitanda, chakula bora na uangalizi. Nusu walirudi kwenye nyumba zao zilizojaa watu, wakapewa dawa zilezile kwa mwaka mmoja. Matokeo yakachapishwa mwaka 1959. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawasawa na waliolazwa, ingawa walikula vibaya zaidi na walipumzika kidogo zaidi. Na ndugu zao nyumbani hawakuambukizwa zaidi kuliko ndugu wa wale waliolazwa.

Msomaji, hii ni moja ya hukumu kubwa katika historia ya tiba. Kilichokuwa kinaponya ni dawa, siyo kitanda. Baada ya hapo sanatoria zilianza kufungwa duniani kote. Na sisi tumo ndani ya hadithi hii: mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, mtaalamu Karel Styblo akishiriki, na kazi iliyofanyika hapa ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliusambaza kote miaka ya 1990. Bibi yangu ni mmoja wa watoto wa mpango huo. Alimeza dawa zake miaka ya 80, mdudu akafa.

Ila kuna jambo ambalo halikuwekwa kwenye mpango. Mdudu akishakufa, kovu linabaki. Mapafu yaliyoliwa na kifua kikuu, yakaongezewa moshi wa kuni miaka 40, hayafunguki tena vizuri. Kwenye kitabu cha takwimu bibi ameandikwa "amepona", jalada limefungwa. Kwa hali kama yake, ile amri ya zamani ya kupumzika haikufutwa na mtu yeyote.

Ngazi za Edinburgh

Hapa sasa tuwaache wa kifua kikuu, tuwatazame wa ugonjwa sugu wa mapafu, ambao huko Ulaya na Marekani ulitokana zaidi na sigara, viwanda na migodi. Desemba 1952 ukungu wenye moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Makadirio ya mwanzo yalisema watu 4,000 walikufa, na wachambuzi wa baadaye wakafika mpaka 12,000. Wengi walikuwa watu ambao tayari vifua vyao vilikuwa vibovu. Walipewa ushauri gani wale waliobaki hai? Kaa ndani, tulia.

Mwaka huohuo wa 1952, New York, Alvan Barach na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa wawili. Wawili tu! Waliwafanyisha mazoezi wakisaidiwa na oksijeni, na uwezo wao wa kutembea bila kuhema ukaongezeka. Barach alipendekeza kwamba labda watu hawa wanahitaji kujengwa mwili kama anavyojengwa mwanamichezo. Hakusikilizwa sana. Miaka ya 60, huko Denver tena, Thomas Petty alitengeneza mpango kamili: namna ya kupumua, namna ya kutembea, oksijeni ya kubeba, elimu kwa mgonjwa na familia yake. Taarifa yake ya mwaka 1969 ndiyo wengi wanaihesabu kama mwanzo wa huduma za utengamao wa mapafu tunazozijua leo.

Kisha nikakutana na utafiti nilioupenda kuliko yote. Mwaka 1977, McGavin na wenzake kutoka Edinburgh, Scotland, walichapisha jaribio dogo la wagonjwa wachache wa mkamba sugu. Hawakuwapeleka popote. Waliwapa zoezi moja la kufanya nyumbani kwao, bila mtu kuwasimamia: kupanda na kushuka ngazi, kila siku, wakiongeza kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Kipimo chao nacho kilikuwa cha kawaida kabisa: tembea dakika 12 kwenye korido, tuone umefika umbali gani. Walikuwa wamekiazima kwa Kenneth Cooper, aliyekuwa akiwapima askari wa jeshi la anga la Marekani kwa kukimbia dakika 12. Wagonjwa waliopanda ngazi walitembea mbali zaidi na wakajisikia nafuu. Mapafu yao yakipimwa, yako vilevile.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo iliyowatesa madaktari kwa karibu miaka 15. Kama mapafu hayajabadilika, nini kimebadilika? Wengine walisema ni moyo tu kufurahi, mgonjwa amepewa matumaini. Wengine walisema watu hawa wanaishiwa pumzi mapema mno kiasi kwamba misuli yao haiwezi kufundishika. Mwaka 1991 Richard Casaburi na wenzake walionyesha kwamba inafundishika. Baada ya mazoezi ya nguvu, misuli ya wagonjwa ilitoa asidi ya laktiki kidogo zaidi kwa kazi ileile, na hivyo wakahitaji kuhema kidogo zaidi.

Nieleze kama nilivyoelezwa na yule dada wa fiziotherapia. Mapafu ya bibi ni kama daladala yenye mlango mbovu, abiria wanaingia lakini kutoka ni shida. Hewa inabaki ndani, ya mpya haina nafasi. Akitembea anahema, akihema anaogopa, akiogopa anakaa. Akikaa, misuli ya miguu inanyauka. Misuli iliyonyauka ni mlafi, kwa hatua ileile inadai hewa nyingi kuliko zamani. Kesho yake anahema zaidi kwa hatua chache zaidi. Mazoezi hayatengenezi mlango wa daladala. Yanapunguza abiria.

Ushahidi ukaanza kumiminika. Mwaka 1994 Roger Goldstein na wenzake wa Toronto walichapisha jaribio la wagonjwa 89. Mwaka 2015 mapitio ya mtandao wa Cochrane yalikusanya majaribio 65 yenye watu 3,822, na wahariri wakasema hakuna haja ya kuendelea kufanya majaribio ya kulinganisha utengamao na huduma ya kawaida, jibu limeshapatikana. Unafanya kazi.

Dawa ipo, nauli haipo

Sasa kama unafanya kazi hivyo, kila mgonjwa anaupata, sivyo? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwaangalia wazee zaidi ya 197,000 wa Marekani waliolazwa kwa ugonjwa huu mwaka 2014 na kulipiwa na bima ya serikali. Walioanza utengamao ndani ya siku 90 baada ya kutoka hospitali walikuwa asilimia 1.5. Marekani hiyo! Vituo viko mbali, usafiri mgumu, mtu anayehema hatua kumi anaambiwa aje mjini mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Ni kama kumwambia kiwete aje kuchukua magongo yake juu ya mlima.

Hapo wakazikumbuka ngazi za Edinburgh. Wadachi wa Groningen walikuwa wameshaonyesha mwaka 1994 kwamba wagonjwa 43 waliohudumiwa karibu na kwao, na mtaalamu wa viungo na muuguzi wa mtaa wao, maisha yao yaliboreka. Mwaka 2008 François Maltais na wenzake wa Kanada walichapisha jaribio la watu 252 katika vituo 10: nusu walifanya mazoezi hospitali, nusu waliazimwa baiskeli za mazoezi wakaendesha nyumbani. Baada ya mwaka mmoja, wa nyumbani hawakuwa nyuma kwa unafuu wa pumzi. Mwaka 2017 Anne Holland na wenzake wa Melbourne, Australia, wakaenda mbali zaidi kwa kupunguza vifaa karibu vyote. Watu 166. Kundi la nyumbani lilitembelewa na mtaalamu mara moja tu, kisha likapigiwa simu mara moja kwa wiki kwa wiki saba. Basi. Mwisho wa programu uwezo wao wa kutembea ulilingana na wa wale waliokwenda kituoni.

Nisiwafiche upande wa pili: baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepoteza sehemu kubwa ya faida. Ukiacha, inaondoka. Ni kama kupiga mswaki.

Ikaja korona mwaka 2020, vituo vikafungwa kwa sababu hakuna mahali pa hatari kwa watu wa mapafu kama chumba kilichojaa watu wa mapafu wanaohema. Ghafla nyumbani ikawa ndiyo njia pekee. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2021 kuhusu utengamao wa mbali, kwa simu na video, yalikuta watu 1,904 katika tafiti 15. Matokeo yalikaribiana na ya vituoni, na waliomaliza programu wakiwa mbali walikuwa asilimia 93, dhidi ya 70 kwa waliotakiwa kusafiri. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa apewe hiari, kituoni au kwa njia ya mbali.

Na huku kwetu?

Huku kwetu ugonjwa upo, tena sio kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu vijijini Tanzania ulikuta dalili za kipimo za ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa kwa asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa. Huko Masindi, Uganda, utafiti wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 kwa watu wenye zaidi ya miaka 30, na zaidi ya asilimia 90 ya waliopimwa walikuwa wanaishi na moshi wa kuni na mabaki ya mimea. Hospitali ya Mulago, Kampala, ndiko majirani zetu walikojaribu utengamao kwa watu kama bibi yangu hasa, wale waliopona kifua kikuu wakabaki na makovu. Programu ya wiki sita, mara mbili kwa wiki, vifaa vya kawaida. Taarifa yake ilitoka mwaka 2017: watu walitembea mbali zaidi na kuishi vizuri zaidi. Nilifurahi kuisoma. Kisha nikajiuliza, mtu wa Masindi atafikaje Kampala mara mbili kwa wiki?

Kwa hiyo nyumbani. Lakini hapa nataka tuwe waangalifu, maana mimi sitaki kuwa mpiga debe.

Moja, nyumbani ndiko ugonjwa ulikotoka. Ukimfanyisha bibi mazoezi hatua tano kutoka kwenye jiko la mkaa linalofuka, unajaza maji kwenye pakacha. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ukiniuliza mimi, huo nao ni mpango wa mapafu, ingawa umeandikwa kama mpango wa nishati.

Mbili, tukisema "huduma ya nyumbani" mara nyingi tunamaanisha shangazi. Ni mwanamke yuleyule anayepika, anayefua na anayeuza vitafunwa, sasa tunamwongezea kazi ya uuguzi bila malipo. Tukumbuke kwamba yale ya Melbourne hayakuwa kumwachia mgonjwa karatasi na kumwambia kwaheri. Kulikuwa na mtaalamu aliyefika nyumbani, na simu iliyolia kila wiki. Serikali itakayosikia "nyumbani ni rahisi" ikaondoa mtaalamu na simu, hiyo itakuwa imeturudishia kiti cha barazani kwa jina jipya.

Tatu, si kila mtu aanze leo. Mwenye maumivu ya kifua, moyo mbovu, anayetema damu, homa au jasho la usiku, kwanza apimwe. Kifua kikuu kinaweza kurudi. Bibi alipimwa makohozi, moyo na oksijeni ndipo tukaruhusiwa.

Hatua 18

Turudi Tabata. Bibi hakukubali kirahisi. Siku ya kwanza alimtazama yule dada akasema, "Mwanangu, mimi nimelima miaka 40, leo unifundishe kutembea?" Dada akajibu, "Hapana bibi, nimekuja unifundishe kusimama." Bibi akacheka mpaka akakohoa, na mambo yakaanza.

Mazoezi yenyewe yangekuchekesha. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika mikono, mara tatu, pumzika, mara tatu tena. Kiti chenyewe ni kilekile nilichonunua, ila tumetoa mito kwa sababu alikuwa anazama. Chupa mbili za maji za nusu lita za kunyanyua. Kutembea kutoka barazani mpaka kwenye mwembe na kurudi, akihema anabana midomo na kutoa pumzi polepole kama anayepoza uji. Anajipima mwenyewe kutoka sifuri mpaka kumi jinsi anavyoishiwa pumzi. Ikifika nne anaendelea, ikifika saba anasimama. Kila Jumatano dada anapiga simu, na siku hizo bibi anavaa kanga mpya tangu asubuhi, utadhani simu inamwona.

Wiki ya pili alipata mafua, tukadhani tumemuua. Tukasimama siku tano, tukaanza upya na hatua chache zaidi. Shangazi alinuna, akasema tunamtesa mzee wa watu. Nilimwelewa, kwa sababu hata mimi kumtazama bibi akihema huku nimekunja mikono ni kazi ngumu kuliko nilivyotarajia. Mkono unataka wenyewe kwenda kumkalisha.

Wiki ya nane bibi alikwenda chooni na kurudi bila kusimama. Hatua 18 kwenda, 18 kurudi. Ndoo imerudi stoo. Mapafu yake ni yaleyale, dawa ya kuvuta ni ileile, na sijui tutakuwa naye miaka mingapi. Hajapona na hatapona. Ila juzi nilipofika na kumwamkia "Shikamoo bibi" kiti kilikuwa kitupu. Nikasikia "Marahaba mume wangu" kutoka uani. Alikuwa ameshika ufagio.

Mkono wangu ulinyanyuka kwenda kumnyang'anya. Nikaurudisha mfukoni.

Kama una mzee wako amekaa mahali kwa sababu mnampenda, hebu muulize daktari au mtaalamu wa viungo swali tuliloulizwa sisi. Nani alisema akae? Tutaonana wiki ijayo, panapo majaliwa.